Kutoka Stesheni ya Białystok Hadi Makaburi ya Tengeru: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapa habari fupi ya Makumbusho ya Kumbukumbu ya Sybir, yaliyofunguliwa tarehe 17 Septemba 2021 mjini Białystok, mashariki mwa Polandi, kuwaenzi watu waliohamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Pembeni tuliweka picha ya makaburi ya Wapolandi yaliyopo Tengeru, Arusha. Barua zimemiminika. Hizi hapa baadhi, na majibu ya jopo letu la historia na uhifadhi.

SWALI: Mhariri, salaam. Sisi tuliokulia Tengeru tunayaita makaburi yale "ya wakimbizi wa vita". Nyie mmeandika kuwa walikuwa watu waliohamishwa kwa nguvu. Kipi sahihi? Na iweje mtu achukuliwe kwa treni kwenda kwenye theluji, kisha aje azikwe chini ya Mlima Meru?
*Msomaji, Usa River*

JIBU: Yote mawili ni sahihi, ila yanafuatana. Walianza kuwa wahamishwa, ukimbizi ukaja baadaye, na ukiliruka la kwanza huwezi kuelewa kwa nini kambi ya Tengeru ilijaa akina mama na watoto.

Septemba 1, 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi. Septemba 17 jeshi la Kisovieti likaingia kutoka mashariki. Ndiyo maana makumbusho yalichagua kufunguliwa tarehe hiyo. Upande wa mashariki wa nchi ukamezwa na Umoja wa Kisovieti, kisha zikafuata awamu nne za kuhamisha watu. Februari 10, 1940 walichukuliwa walowezi waliopewa ardhi baada ya utumishi wa kijeshi, pamoja na watumishi wa misitu, wao na familia zao. Aprili 13, 1940 ikawa zamu ya wake, watoto na wazazi wa watu waliokuwa tayari wametiwa mbaroni au wameuawa, wakiwemo maofisa wengi wa jeshi. Hao walipelekwa Kazakhstan. Mwisho wa Juni 1940 wakakamatwa watu waliokuwa wamekimbilia upande huo wa mashariki kutoka upande wa Wajerumani, wengi wao Wayahudi. Awamu ya nne, ya Mei na Juni 1941, ilikatizwa Juni 22, Wajerumani walipomgeukia Msovieti mwenyewe.

Utaratibu ulikuwa karibu ule ule kila mahali. Mlango ulibishwa usiku wa manane au alfajiri. Polisi wa siri, NKVD, waliingia na karatasi yenye majina ya familia, wakapekua nyumba wakitafuta silaha, wakatoa muda wa kufungasha: nusu saa, saa moja, kutegemea moyo wa aliyeongoza kikosi. Maagizo yaliyoandikwa yaliruhusu familia kubeba mamia ya kilo, lakini aliyeamua ni yule askari aliyesimama mlangoni. Mama aliyeambiwa "chukua kila kitu, unakwenda mbali" alibahatika kuliko yule aliyedanganywa kuwa atarudi baada ya siku chache.

Behewa lilikuwa la mizigo. Ndani mbao zilipigiliwa pande mbili kuwa vitanda vya ghorofa. Katikati kulikuwa na jiko dogo la chuma, sakafuni tundu la kujisaidia, na juu kidirisha chenye nondo. Aliyelala karibu na jiko alitoka jasho. Aliyelala ukutani aliamka nywele zake zimegandia kwenye mbao. Safari ilichukua wiki mbili, tatu, hata zaidi, na waliotangulia kufa ni watoto wachanga na wazee.

Waliofika maeneo ya Arkhangelsk na Komi, kaskazini mwa Urusi ya Ulaya, walitiwa kwenye kazi ya kukata miti. Waliofika Kazakhstan, wengi waliingizwa kwenye mashamba ya pamoja. Mkate ulitolewa kwa kipimo cha kazi: asiyefikisha kipimo cha leo alipunguziwa mkate, na aliyepunguziwa mkate hakuwa na nguvu za kufikisha cha kesho. Hapo ndipo kilichofungashwa usiku ule kilipoamua nani aishi. Shuka, koti la sufu, cherehani, vyote vilibadilishwa kwa viazi na unga.

Wajerumani walipomshambulia, Stalin, kiongozi wa Kisovieti, alihitaji washirika. Julai 30, 1941 Moscow ilitia saini mkataba na serikali ya Polandi iliyokuwa London, na amri ya Agosti 12 ikawaachilia wahamishwa kwa jina la "msamaha". Neno hilo linachoma hadi leo, maana hakuna aliyekuwa amekosa. Jenerali Władysław Anders akaunda jeshi humo humo Umoja wa Kisovieti, na raia wakalifuata kwa miguu, kwa treni, kwa mashua, wakielekea kusini. Mwaka 1942, kwa mikupuo miwili, watu takriban 115,000 walivuka Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi Pahlavi, Iran. Kama theluthi moja walikuwa raia. Wengi walifia pale pale ufukweni kwa homa ya chawa na kuhara damu, na wengine kwa sababu tumbo lililozoea njaa lilipewa ghafla nyama ya mafuta likashindwa.

Iran haikuweza kuwabeba wote. Uingereza ikawatafutia nafasi kwenye makoloni yake, nao wakaletwa kwa meli, wengine wakipitia Karachi au Bombay, hadi pwani yetu. Tanganyika zilifunguliwa kambi Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Uganda, Masindi na Koja. Nyingine Rhodesia zote mbili, leo Zambia na Zimbabwe. Tengeru, kando ya Ziwa Duluti, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu kama 5,000. Wanaume wenye umri wa kupigana walikuwa jeshini. Waliobaki ndio hao mnaowaona makaburini.

SWALI: Kwa nini makumbusho yaitwe "Sybir" ilhali nyie wenyewe mnataja Kazakhstan na Arkhangelsk, ambako si Siberia?
*Msomaji, Bukavu*

JIBU: Kwa Kipolandi, Siberia ya kwenye ramani ni *Syberia*. *Sybir* ni neno lililochukuliwa kutoka Kirusi tangu enzi za mfalme wa Urusi, pale waasi wa Kipolandi wa 1830–31 na 1863–64 walipopelekwa huko kwa adhabu. Tangu hapo likawa jina la hali, si la mahali: popote mtu alipotupwa na dola ya Urusi, alikuwa Sybir. Aliyepitia hayo huitwa *Sybirak*, na wakiwa wengi huitwa *Sybiracy*. Makumbusho yenyewe huanzia huko nyuma, hayaanzii 1940.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nafundisha historia kidato cha tatu. Kitabu kimoja kinasema waliohamishwa ni zaidi ya milioni moja, kingine kinasema 320,000. Wanafunzi wananiuliza nani mwongo.
*Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hakuna mwongo hapo. Wanahesabu vitu tofauti kwa vyanzo tofauti. Makadirio ya milioni na zaidi yalifanywa wakati wa vita na baada yake, na Wapolandi waliokuwa uhamishoni, bila kuona nyaraka za Moscow. Nyaraka za NKVD zilipoanza kufunguliwa baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka, hesabu ya zile awamu nne ikatoka takriban 320,000. Lakini idadi hiyo haihusishi waliokamatwa mmoja mmoja na kufungwa, mateka wa kivita, wala vijana walioingizwa kwa lazima katika Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti. Darasani, andika ubaoni swali kwanza: "Tunahesabu nani?" Ukitumia 320,000, sema waziwazi "waliohamishwa katika awamu nne kuu, 1940–1941". Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchukua idadi ya kitabu kimoja na kuibandika kwenye maelezo ya kitabu kingine.

SWALI: Ndugu wahariri, nasoma Warszawa na rafiki yangu anakuja kunitembelea kutoka Dar. Tungependa kwenda Białystok. Tujiandaeje?
*Mwanafunzi, Warszawa*

JIBU: Kutoka Warszawa ni treni ya kama saa mbili na kidogo. Msiende Jumatatu, siku ambayo makumbusho mengi ya Polandi hufungwa. Jengo liko mtaa wa Węglowa, katika ghala la zamani la jeshi kando ya reli. Stesheni iliyo jirani, iliyoitwa Poleski na leo inaitwa Białystok Fabryczny, ndiyo iliyotumika kuwapakia watu mwaka 1940 na 1941. Kabla ya kuingia, simameni nje mwangalie zile nguzo nyingi za chuma zilizosimikwa kuzunguka jengo. Ni mfano wa taiga, msitu wa kaskazini usio na mwisho, na mtu mzima akiingia katikati yake huhisi udogo wake mara moja.

Jipeni saa mbili na nusu, msipungue. Ndani kuna behewa, msilipite haraka. Simameni humo dakika tano kimya, kisha jiulizeni familia tatu zingelala wapi, ndoo ya maji ingekaa wapi, na mtu mwenye haya angejisaidia vipi mbele ya majirani. Maelezo ya ukutani hayawezi kufanya kazi hiyo. Sehemu ya chini ina kumbukumbu ya Katyn, yaani maofisa wa Kipolandi waliopigwa risasi na NKVD mwaka 1940. Kama mna mtoto mdogo, sehemu hiyo iacheni.

Jambo moja la kukumbuka mkiwa hapo kwenye reli: Agosti 1943 Wajerumani waliitumia stesheni hiyo hiyo kuwasafirisha Wayahudi wa geto la Białystok, yaani mtaa waliofungiwa, kwenda kuuawa katika kambi ya Treblinka. Reli moja, tawala mbili. Mkizuru mji, zitafuteni kumbukumbu zote.

Kuhusu rafiki yako: Polandi imo kwenye Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Aanze maombi ya viza mapema. Dirisha hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, lakini kusubiri hadi siku 15 ndiko kunakowakosesha wengi safari. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Bima ya kiasi pungufu hurudishwa, hata kama pungufu ni kidogo.

SWALI: Kikundi chetu cha vijana wa parokia tunataka kusafisha makaburi ya Wapolandi. Misalaba mingine maandishi yamefifia hayasomeki. Mmoja wetu amependekeza Jik na brashi ya waya, kisha tupake rangi herufi upya. Tunaomba ushauri.
*Kikundi cha vijana, Tengeru*

JIBU: Moyo wenu ni wa kupongezwa, na tunawasihi msitumie Jik wala waya. Makaburi yako kama 150, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kibali cha chuo na kuonana na mtunzaji.

Sasa kwa nini si Jik. Zege na jiwe lina vitundu vidogo kama sifongo. Dawa ya kupaukisha huingia humo na kuacha chumvi. Maji yakikauka, chumvi hujenga chembe ngumu zinazosukuma uso wa jiwe kutoka ndani, na baada ya misimu michache ya mvua uso hubanduka kama magamba, pamoja na herufi. Tindikali ya kusafishia vyoo ni mbaya zaidi kwa kuwa inaila saruji yenyewe. Brashi ya waya huchimba mikwaruzo ambamo kuvu na ukungu hujishika vizuri kuliko mwanzo, na vipande vya waya vilivyokatikia humo huota kutu.

Tumieni maji safi, ndoo mbili, na brashi laini ya kufulia. Lowesheni jiwe kwanza, sugueni kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuzeni kwa maji mengi. Jiwe linalomomonyoka ukiligusa, liacheni kabisa. Mizizi iliyoingia kwenye nyufa ikateni usawa wa jiwe, msiing'oe, maana ikitoka hutoka na kipande. Ufa msiuzibe kwa saruji ngumu; ni ngumu kuliko zege la zamani, hivyo ufa mpya hutokea pembeni yake.

Na rangi? Hapana. Anayepaka rangi herufi asizoziona sawasawa huandika jina jipya juu ya jina la marehemu, na kosa hilo hudumu. Someni kwanza. Nendeni asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, au mmoja ashike kioo arushe mwanga kwa ubavu wa jiwe. Herufi zilizofifia hutupa vivuli na kuonekana. Pigeni picha hapo hapo. Msipake chaki wala unga.

Mtakayoyaona ni haya. *Ś.P.* juu kabisa ni kifupi cha "wa kumbukumbu takatifu", kama sisi tunavyosema "marehemu". *Ur.* ni alizaliwa, *zm.* ni alifariki. *Żył lat* ni "aliishi miaka" kwa mwanamume, *żyła lat* kwa mwanamke. Mwezi mara nyingi huandikwa kwa namba za Kirumi: 3.IV.1944 ni tarehe 3 Aprili. *Prosi o Zdrowaś Maria* ni "anaomba Salamu Maria", na kwa kikundi cha parokia hilo ni ombi mnaloweza kulijibu papo hapo.

Msishangae mkikuta alama ya Kiorthodoksi au nyota ya Daudi. Wahamishwa hawakuwa Wakatoliki peke yao.

SWALI: Marehemu bibi yangu alifanya kazi kwa mama mmoja wa Kipolandi kambini Masindi. Tumebaki na picha ya huyo mama. Nyuma imeandikwa "Na pamiątkę", kisha Masindi, mwaka, na mstari mwingine nisioweza kuusoma. Nimemtafuta mtandaoni kwa jina Pamiątka sikumpata. Naweza kuipata familia yake? Picha imeanza kujikunja.
*Msomaji, Masindi*

JIBU: Dada, *Na pamiątkę* si jina. Maana yake ni "kwa kumbukumbu", na Wapolandi waliiandika nyuma ya picha walizowapa watu wao wa karibu. Bibi yako alipewa picha ile kwa heshima. Jina la mama huyo ni huo mstari usiosomeka.

Usome hivi: mpe mtu mwenye simu nzuri aupige picha kivulini nje, bila mwanga wa kamera, kisha mkuze kwenye kioo. Katika mwandiko wa Kipolandi herufi *ł* ni l iliyokatwa kwa mstari. Namba 1 ina mkono mrefu unaoifanya ifanane na 7, na 7 yao hukatwa katikati. Angalia mwaka upya kabla hujauamini. Jina la ukoo la mwanamke huishia *-ska* au *-cka* mahali ambapo la mume au baba huishia *-ski* au *-cki*. Ukikosa kwa umbo moja, jaribu jingine.

Ukishapata jina, ingia kwenye orodha iitwayo *Indeks Represjonowanych*, inayotunzwa na Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Polandi, IPN. Kutafuta ni bure. Rekodi nyingi hutaja jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, alikotolewa na alikopelekwa. Jina la baba ndilo litakalokuokoa, kwa kuwa akina Maria wenye ukoo mmoja ni wengi mno. Usitupe rekodi kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili. Vyeti vilipotea, na umri ulitajwa kwa kumbukumbu.

Kambi zilipofungwa walitawanyika. Wengi walikwenda Uingereza, wengine wakarudi Polandi. Februari 1950 meli ya General Langfitt iliondoka Mombasa na watu kama 1,200 kwenda Fremantle, Australia, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Australia ina mafaili ya wahamiaji unayoweza kuyatafuta mtandaoni. Yatima zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Kanada mwaka 1949 kwa kupitia Italia. Kanisa lililojengwa na Wapolandi Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo, unalijua. Waulize parokia kama wageni wa Kipolandi waliokuja huacha anwani zao.

Kuhusu picha yenyewe: usiinyooshe kwa pasi wala kwa nguvu, uso wake utapasuka. Usiitie plastiki ya moto, yaani laminesheni, haitoki tena. Selotepu usiiguse kabisa, gundi yake hugeuka manjano na kupenya. Ishike kwa kingo, mikono iwe mikavu, iweke kwenye bahasha ya karatasi nyeupe safi kati ya kadibodi mbili, ndani ya bati lenye kifuniko, juu ya kabati mbali na ukuta wa nje na mchwa. Tia pakiti mbili tatu za zile chembe za kukausha zinazokuja na viatu vipya. Mchele hausaidii, unaita wadudu. Ukitaka kuandika kitu nyuma, tumia penseli laini pembezoni. Skani kwa 600 dpi, pande zote mbili, kwa maana upande wa nyuma ndio wenye thamani kwa mtafutaji.

Makumbusho ya Białystok hukusanya vitu kama hivi, lakini huna haja ya kuitoa picha. Unaweza kuwapelekea nakala ya skani na maelezo ya bibi yako. Ukiamua kuitoa halisi, omba hati ya makabidhiano inayosema ni zawadi au ni azima, na jina la bibi yako liandikwe humo.

SWALI: Babu yetu alijenga zile nyumba za msonge za kambi. Bado ana akili timamu lakini anachoka haraka. Tumrekodije?
*Wajukuu, Arusha*

JIBU: Anzeni wiki hii. Dakika 30 kwa kikao, asubuhi baada ya chai, na mrudi kesho yake. Zimeni redio, fungeni kuku mbali, wekeni simu kwenye hali ya ndege juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni. Mwanzo wa kila rekodi mmoja ataje tarehe, mahali, na majina ya waliopo, kisha babu aseme kwa sauti yake kama anaridhia na kama watu wa nje wanaweza kusikiliza.

Msimuulize "Je, Wapolandi walikuwa wazuri?", atajibu "ndiyo" ili awaridhishe. Muulizeni: ukuta ulikandikwa na nini? Nyasi za kuezekea zilitoka wapi, na nani alizibeba? Siku ya malipo ilikuwaje, nani aligawa fedha, kiasi gani? Ardhi ile kabla ya kambi ilikuwa ya nani? Mliongea nao kwa lugha gani? Akinyamaza, hesabuni polepole hadi kumi kabla ya kuuliza tena, maana mara nyingi lililo zito huja baada ya kimya. Majina ya Kimeru ya watu, miti na mahali myaandike hapo hapo kwenye daftari, mumsomee athibitishe herufi.

Jioni ile ile nakilini faili mahali pawili zaidi, moja kwenye flashi ya ndugu anayeishi mji mwingine. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la babu, kisha namba ya kikao.